Mfuko wa Picha za Kidoti

Hosteli ya Wanachuo,
Chumba Na. 9,
14 Juni

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Goti lako linasemaje baada ya ile dawa ya kuchua? Wifi bado anashona, au macho yameanza kumsumbua? Na mapacha, wameacha kupigana? Sisi huku ni wazima. Mimi nimekonda kidogo, ingawa nguo zangu zinakataa kukubali.

Barua yako ilifika Jumatano. Umenipongeza kwa kupata nafasi ya ualimu, na ndani ya bahasha hiyohiyo umetia karatasi ya binti yako, Kidoti. Haikuwa imefungwa, nikaisoma. Umemwita mzembe. Nilimpa, akaisoma amesimama, akaiweka ndani ya kamusi yake, akaenda kufua.

Kaka, namwonea wivu mwanao. Haya, nimelisema. Tangu tuanze shahada hii ya ualimu wa Kihispania nimeupa wivu wangu majina mengine: uchovu, presha, umri.

Unakumbuka mimi ndiye niliyetangulia. Miaka kumi na miwili nilipiga pasi mashuka hotelini, na wageni waliokuja kuchukua nguo zao ndio walionifundisha, neno mojamoja. Kidoti akitoka shule alikaa juu ya kapu la foronya, nami nikamgawia nilichonacho. Neno lake la kwanza lilikuwa ventana, yaani dirisha, kwa sababu lilikuwa mbele yetu. Alilitamka ovyo, nikamcheka mpaka nikaunguza shuka.

Sasa tuko mwaka mmoja, dawati moja. Mhadhiri wetu wa matamshi tunamwita Kengele, maana hamalizi sentensi bila kugonga meza. Kila kipindi utamsikia, "Haya, msikilizeni Kidoti." Mimi nikisoma ananiambia, "Asante, mama, umejitahidi." Umejitahidi! Na hao wanachuo wenzangu hunipisha kiti kana kwamba nimekuja kumwona mgonjwa. Mimi natabasamu tu, hadi mashavu yananiuma.

Muhula huu tulipelekwa shule moja kwa mazoezi ya kufundisha. Mkuu wa shule alisema wazi kwamba tukihitimu atamchukua mmoja wetu, mwenye alama za juu, kwani vipindi vyao vya Kihispania havitoshi watu wawili. Kidoti ana miaka ishirini na miwili, atapata kwingine, nilijiambia. Mimi nina arobaini na mmoja. Nikiikosa hii, narudi kwenye pasi.

Siku ya kukaguliwa kwake alitangulia asubuhi kuandaa darasa, akaniomba nimbebee mfuko wa picha. Alikuwa amezichora mwenyewe kwa wiki mbili: jiko, kitanda, ngazi, paka juu ya bati. Huyo paka ana masharubu, utadhani anataka kukuuliza jambo. Nilizitazama njiani, roho ikaniuma, maana za kwangu nilizikata magazetini.

Nilifika nikakaa nyuma, pembeni ya Kengele, aliyekuja kukagua na fomu yake ya alama. Kidoti akaniuliza kwa macho. Mfuko ulikuwa sakafuni. Nikausukuma kwa kisigino mpaka chini ya kiti, kisha nikafungua viganja: nimesahau. Ningependa kukuambia kwamba mguu ulifanya hivyo kabla sijafikiri. Lakini nilifikiri, Kaka.

Akatazama huku na huku darasani. Halafu akafundisha kwa vilivyokuwapo: mlango, viatu vya wanafunzi, ndoo ya kudekia. Alipofika dirishani akageuka.

"Mnamwona yule mama pale nyuma?" akawauliza wanafunzi. "Yule ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa Kihispania. Neno hili alinipa yeye. Hebu mwombeni atutamkie."

Darasa zima likanigeukia. Nikasimama, mfuko ukanigusa kifundo cha mguu, nikasema, "Ventana." Wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa ajili ya Kihispania maishani mwangu. Machozi yakanitoka, nao wakadhani ni furaha.

Kwenye fomu kuna sehemu ya zana za kufundishia, alama kumi. Kengele aliandika sifuri, na nilimwona inamuuma. Hatimaye nikampita Kidoti kwa alama tatu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbatia. Mfuko nilikuwa nimeutoa darasani watu walipokwisha kuondoka, nikamdanganya kwamba niliukuta chumbani, nyuma ya mlango. Akasema, "Basi, Shangazi, hata mimi ningesahau." Kumbe wewe akakuandikia kwamba zana alisahau mwenyewe. Hakunitaja. Na hapo pia nilimwonea wivu, kwa kuwa na moyo wa namna hiyo ambao najua hakuupata kwangu.

Leo asubuhi nimempelekea Kengele ule mfuko. Nilizipanga picha mezani, nikamweleza yote. Kwa mara ya kwanza hakugonga meza. Aliichukua ile ya paka, akaitazama muda mrefu. Anasema atakaa na mkuu wa shule Jumatatu. Nafasi huenda ikaenda kwa Kidoti, nami nirudie mazoezi mwaka ujao, au nisirudie kabisa. Kidoti bado hajui, yuko maktaba. Akirudi nitamwambia kabla hajavua viatu, na hilo naliogopa kuliko hiyo Jumatatu.

Nisalimie Wifi sana, mwambie gauni lake ndilo ninalovaa kwenda kufundisha. Mapacha wavute masikio kwa niaba yangu. Mpe salamu jirani yenu, yule fundi saa. Mungu awalinde huko ugenini, awape afya na usingizi mwema.

Nina ombi moja, Kaka. Lile neno mzembe, lifute. Mimi usinijibu kwanza, nitangoja hata miezi. Mwandikie Kidoti, umwandikie barua ndefu. Ukiituma kwa jina langu kama kawaida, najijua, nitaionea wivu nayo pia. Lakini nitaibeba mwenyewe mpaka mkononi mwake.

Dada yako anayekupenda, na leo anakuogopa,

Dada Pasi