Maman Amepanda Mlima Wako

Papa,

Nina habari ambayo usingeikubali hata kama ningekuapia: Maman amepanda mlima. Ndiyo, Maman yuleyule aliyekuwa akikujibu, "Mulima ni ya nyani, miye niko muntu." Amepanda juzi, tena na viatu vyake vya misa.

Tangu tukuzike, nyumba yetu ya Kamembe ilikuwa imemshinda. Mama mdogo akaja kutoka Bukavu, akatangaza kwamba atamchukua akaishi kwake moja kwa moja, na Maman akaitikia tu, kama anayeulizwa kama anataka chumvi. Mimi niliogopa, Papa. Wewe umeshaondoka. Nikimkosa na yeye, nibaki na nani?

Nikamwomba siku moja tu kabla hajavuka mpaka kwenda Bukavu. Kazi yako ya kusafisha njia za msituni nimepewa mimi sasa, na mvua kubwa zilikuwa zimeisha, kwa hiyo ilinibidi nikague njia ya juu ya mlima wa Nkungu kabla haijafunguliwa kwa wageni. Nikamwambia aje aone ulikokuwa ukishinda. Mkubwa wangu wa kazi hakukataa.

Hata hivyo, alfajiri ile ilikuwa imenyesha mvua ya mawe. Tulipofika kwenye mianzi, njia ilikuwa nyeupe yote, barafu inayeyuka kivulini, na maji yanatiririka kila upande. Nilivua buti nikatangulia pekupeku, kama ulivyonizoesha, ili unyayo uhisi mahali ambapo udongo umeliwa na maji chini ya majani. Kugeuka nyuma, Maman naye yuko pekupeku! Viatu mkononi, kitenge amekikunja hadi magotini.

"Papa yako alikuwa anapitaka hapa na hii baridi yote?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kila mwaka. Akatikisa kichwa, akaendelea kupanda.

Mbele kidogo akateleza, akakaa kabisa kwenye tope. Nilirudi mbio nikidhani analia. Alikuwa anacheka, Papa. Anacheka hadi anashika mbavu! Akachota mawe ya mvua kiganjani, akatia mdomoni, akasema, "Batoto ba Bukavu tulikuwa tunakulaka hii." Nami nikala. Meno yaliniuma, lakini sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Kule juu, ziwa linapoonekana, simu yake ikapata mtandao, ikalia palepale. Mama mdogo alitaka kujua atume nani kuja kumsaidia mizigo. Maman alimsikiliza mpaka mwisho huku akiitazama njia tuliyopanda. Kisha akamwambia taratibu, "Mudogo yangu, sitakuya. Bwana yangu iko huku."

Nilijifanya ninafunga kamba za buti, na buti sikuwa nimezivaa.

Nilikuwa nimepanga kukuaga siku hiyo kwa niaba yetu sote wawili. Yeye amekataa, anasema hana haraka ya kukuaga. Basi ninakuaga mimi peke yangu. Lala salama, Papa. Usiwe na wasiwasi juu yake. Nakuahidi, kila mvua kubwa zikiisha nitampandisha huko mlimani kwako, na siku miguu yake ikikataa, nitambeba mgongoni.

Binti yako