Aliyetengeneza Picha Hii Amewahi Kuhama

Garissa,
9 Februari 1999

Abaayo Ruweyda, dada yangu mpendwa,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wanapohukumu picha za sinema za mambo ya kubuni, zile za vyombo vya angani na wanyama ambao Mungu hakuwaumba, ni kuuliza kama jambo lile linaweza kutokea. Haliwezi, na aliyelitengeneza anajua. La kuuliza ni kama watu waliomo ndani yake wanaishi humo kweli: wanakunywa wapi, mizigo yao wanaifunga vipi, maiti wao wanazikwa na nani. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, nimeandika juu ya picha hizo miaka minne, na kosa hilo nilikuwa nalo mpaka mwaka jana. Aliyenitoa humo ni ndugu yetu Bare, na barua hii inamhusu yeye.

Lakini nimetanguliza somo kabla ya salamu, tabia ambayo hukuipenda tangu utoto wako. Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini wewe, mumeo Alio na watoto mko salama hapo Hadado, na kwamba kifua cha Hodan kimepata nafuu. Mimi sijambo. Magoti yananikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye swala. Mengine yote ni ya kushukuru. Mto umerudi mahali pake na barabara ya Wajir inapitika tena.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa dereva wa lori. Umeniandikia kwamba Bare alirudi kwenu mwezi wa kumi na moja akiwa mzima, anachunga, anakula, ila watoto wakimwomba awasimulie aliyoyaona huku huwajibu kwamba hayo ni mambo ya watu waliosoma, kisha huchukua fimbo yake akaondoka. Unasema mtu huyu aliyeweza kusimulia safari ya kutafuta mbuzi mmoja mpaka watu wakasahau chai, sasa humaliza siku nzima hajasema maneno kumi. Uliniuliza alifanywa nini Garissa. Nimekaa na swali hilo wiki tatu. Nitakujibu kwa utaratibu, maana nikiruka huku na huku nitajipendelea.

Unakumbuka alikuja kwangu baada ya ile mvua kubwa na ugonjwa uliomaliza mbuzi na kondoo wake, akamwachia Alio ngamia wachache waliobaki. Nilimpokea kwa furaha, na hilo ni kweli. Wakati huo nilikuwa na heshima yangu ndogo hapa mjini. Noordin, mwenye ukumbi wa video nyuma ya soko la mifugo, alikuwa akiniletea kanda mpya kila Jumatano nizitazame kabla ya wengine. Nyingi ni za Kiingereza cha haraka, kwa hiyo nilikuwa naandika karatasi moja kwa Kiswahili. Nilieleza kisa, nikaeleza elimu iliyomo, kwa mfano kwa nini mtu huelea akiwa mbali na dunia, na mwisho nikatoa uamuzi: inafaa, au haifai. Karatasi ilibandikwa mlangoni kila Alhamisi. Nakala niliituma kwa gazeti moja la Nairobi, nao mara mojamoja waliichapisha. Walimu, makarani na askari waliotoka bara waliisoma wamesimama, midomo ikicheza. Nilikuwa napita pale makusudi niwaone.

Nilimpeleka Bare ukumbini ili nimfundishe. Picha ya kwanza ilikuwa ya watu waliokimbia sayari yao wakafikia nyingine, kavu kabisa, yenye wanyama warefu wa kubeba mizigo. Nilikuwa nimeisifu sana. Bare alikaa mbele, fimbo magotini, bila kujua neno moja la Kiingereza, nami nikimtafsiria kisa. Ilipokwisha, Noordin akamuuliza kwa utani kama amewaona ngamia wa wazungu. Bare akamjibu kwamba mnyama yule ni mwongo. Mzigo wamemfungia karibu na shingo, akiinuka utamwagika wote. Tena eti hajanywa siku kumi, na amepita penye maji bila kugeuza hata pua. Halafu wale watu wenye kiu wanazungumza mno, akasema, kwani ndimi zao ni za bati? Ukumbi mzima ulicheka. Nami nikacheka. Kesho yake nilisikia watu watatu sokoni wakiyarudia maneno hayo, na hakuna aliyetaja karatasi yangu.

Wiki iliyofuata ilikuja picha ambayo nilikuwa nimeandika kwamba haifai. Joka lake lilikuwa la mpira, mshono unaonekana tumboni, na watu waliizomea tangu mwanzo. Bare aliitazama mpaka mwisho, akajipangusa macho, akasema kwamba hiyo ndiyo picha ya kwanza ya kweli aliyoiona. Wakamtaka aeleze, wakidhani ni mzaha. Akawauliza kama walimtazama yule mwanamke jamaa zake walipokuwa wanahama: alishusha mikeka kwanza, ndipo akang'oa fito za nyumba, na fito aliyoisimika mama yake akaing'oa mwisho. Na yule mama alipofia njiani, wanawe waligombana ni nani atakibeba chombo chake cha maziwa, lakini hakuna hata mmoja aliyesema kiachwe. Joka ni la mpira, akasema Bare, sawa, lakini aliyetengeneza picha hii amewahi kuhama. Noordin aliirudisha kanda mwanzo bila kuombwa, na wale wale waliozomea wakakaa kuitazama upya.

Kuanzia siku hiyo watu walifika mlangoni, wakaitazama karatasi yangu kama mtu anavyotazama saa, kisha wakauliza Bare amesemaje. Hata kwenye ule mchezo wa televisheni, ambao vijana hubonyeza vidude na shujaa wao akifa hufufuka mara tatu, walikuwa wanamwita. Alimuuliza karani mmoja kijana, Kadar, kama majitu anayoyaua nayo yamepewa roho tatu. Kadar, ambaye alikuwa ameucheza mchezo huo mwezi mzima, akaweka kidude chini, akakiri kwamba hilo hajawahi kuliwaza, akasema huyu mzee ni moto. Kaltun, anayeuza chai na sambusa pale nje, aliniambia nisivunjike moyo, kwamba karatasi zangu yeye anazipenda kuliko zote mjini, kwa sababu hazipitishi mafuta.

Nilicheka, abaayo. Nilikuwa nacheka sana miezi ile, na nilipofika nyumbani taya zilikuwa zinauma.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wewe hulijui vizuri, maana ulikuwa bado mgongoni. Watu wa bara wakisikia kwamba mimi nilipelekwa shule na mdogo wangu akaachwa na ngamia, hudhani mimi ndiye niliyependelewa. Sivyo ilivyokuwa kwetu. Serikali ilidai mtoto mmoja kila boma, na baba alimtoa yule ambaye mifugo isingemkosa. Alitupeleka mimi na Bare kwenye njia ya maji, ile wanayopita ngamia kwenda kunywa, akatuonyesha nyayo za ngamia jike, akatuuliza amepita lini na ana nini. Mimi nilisema amepita. Bare, ambaye alikuwa na miaka saba, akasema amepita kabla ya umande, ana mimba, na mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma. Baba akaweka mkono kichwani pake. Wiki ile ile nikapelekwa Wajir na sanduku la bati. Kila likizo nilirudi na vyeti, baba akavipokea kwa adabu, akavikunja, kisha akageuka kumuuliza Bare habari za siku. Nimekuwa mwalimu mkuu, nimesoma vitabu ambavyo hakuna mwingine hapa aliyevisoma, na nina miaka sitini na mmoja. Lakini pale ukumbini, watu walipokuwa wanainamisha vichwa kumsikiliza Bare, nilikuwa nimesimama tena kwenye njia ile ya maji.

Mwezi wa kumi niliandika upya juu ya ile picha ya joka la mpira, nikaituma Nairobi. Nilitumia maneno ya Bare yote: mikeka, fito, chombo cha maziwa, na ile ya kuhama. Jina nililotia ni langu. Gazeti liliichapisha mahali pazuri, na mhariri akaniandikia kwamba kwa miaka minne alikuwa akingoja nianze kuona hivyo, na kwamba sasa atanipa nafasi kila mwezi. Kadar alilileta gazeti ukumbini, akalisoma kwa sauti. Alipofika katikati alisita, akamtazama Bare. Wote wakamtazama. Bare akasema kwamba ndugu yake ameyapanga vizuri kuliko yeye alivyoyasema.

Angenitukana ningestahimili. Upole ule ulinichoma mbele ya watu, kwa sababu ulikuwa wa kweli, na kila mtu pale aliujua ukweli wenyewe.

Sasa nakujibu ulichouliza. Siku ile ile, baada ya swala ya alasiri, nilimketisha Bare uani nikamwambia kwamba watu wa ukumbi wanamcheka. Nilimwambia wanamwita ili wapate kichekesho, kwamba vijana wakibaki peke yao huiga anavyosema “bicha” badala ya picha, kwamba wanamwona mzee wa porini asiyeweza kutofautisha mpira na mnyama. Nilisema kwamba hayo ni mambo ya watu waliosoma, na kwamba anaiaibisha nyumba yetu. Hakuna hata neno moja lililokuwa kweli. Niliyatunga yote pale pale, mimi ambaye sikuwahi kutunga kisa maishani mwangu. Bare aliniuliza jambo moja tu, kama Noordin naye hucheka. Nikasema ndiye anayeanza. Akatikisa kichwa, akaniomba msamaha kwa aibu aliyoniletea. Ndiyo, aliniomba msamaha mimi. Asubuhi alipanda lori.

Noordin nilimwambia kwamba ndugu yangu alichoshwa na mji. Mhariri nimemwandikia mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili amenirudishia nilichoandika. Nimekaa mbele ya picha nikitafuta mnyama anaelekea wapi, mtu amefunga nini vipi, na nikaona mnyama na mtu, basi. Hilo halinisumbui kama ninavyosumbuliwa na habari ya watoto wako kujibiwa kwamba hayo ni mambo ya watu waliosoma. Maneno hayo ni yangu. Niliyemtia kinywani ni mimi.

Juzi nilimweleza Noordin yote, Kadar na Kaltun wakisikia. Noordin hakunitukana. Aliibandua karatasi ya wiki, akaikunja, akanirudishia mkononi, akaniambia kwamba kiti cha mbele hakikaliwi na mtu mpaka Bare alete fimbo yake. Kaltun hakunipa chai. Kwa mhariri nimepeleka barua nikataja jina la mwenye maneno, nikamwomba alichapishe kama alivyolichapisha langu. Kama atafanya hivyo sijui. Wala sijui kama Bare atanisamehe, na simwombi arudi kwa ajili yangu.

Msalimie sana Alio, na Hodan, na wadogo zake kila mmoja kwa jina lake. Mwambie Rahmo jirani yenu kwamba dawa ya macho nitaituma kwa lori lijalo. Mwenyezi Mungu awahifadhi, awape mvua ya kiasi.

Leo, Bare akirudi na ngamia, mketishe pamoja na watoto, umsomee barua hii yote bila kuruka neno.

Kaka yako,
Abdilatif