Hesabu ya Mwangaza Yenye Ulibeba

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tatu

Yaya Esdras,

Nakusalimia wewe, bibi yako Mariette na batoto, huko Beni. Nilisikia mafua imekutoka, ni vizuri. Siye tuko bazima. Baba iko Kipese, anaanza kula tena.

Nimesoma barua yako mara mbili. Unanilomba nikutumie mwisho wa hesabu juu profesa amekatala travail "yako" ya kumaliza masomo. Yaya, ile hesabu niliifanya miezi saba, ordinateur inazima kila courant ya umeme ikikatika. Wewe unailomba sawa mutu mwenye alisahau shati kwangu.

Hauielewe hata, donc nikufasirie. Banatoboa mashimo madogo sana mu kipande chembamba cha silicium, ile banatengenezea chip za ordinateur, banaacha mustari moja bila mashimo. Mwangaza unapita mule, mashimo ya pembeni inaukatalia kutoka. Mais kama kuta za mashimo haziko laini, mwangaza unapotea njiani, na ukiupunguza mwendo, unapotea zaidi. Wewe, siku ya kutetea travail, ulisimama mbele ya bantu ukasema mwangaza wako unaenda polepole na haupotee hata kidogo. Rafiki yangu Abigaïl alikuwa mule. Aliniambia profesa alikuuliza kuta za mashimo yako ziko namna gani, ukajibu kwamba ziko nzuri. Bantu balicheka.

Uliikopia siku ya tatu ya matanga ya mama. Bamama balikuwa banaimba inje, wewe ukaingia mu chumba yangu na clé USB.

Kuko kitu sijaambia mutu. Nilikuona. Nilisimama ku mulango na sahani mu mikono. Na nilijua ile hesabu ni mubaya: mashimo yote niliiweka sawasawa kabisa, vile hakuna mashine inaweza kutoboa. Kosa nililiona siku mbili mbele ya mama kufa. Ningekuambia tu, yaya, wacha hiyo. Nilinyamaza juu nilitaka upate haya mbele ya bantu. Nilingoja miezi mine.

Sasa Mariette analia ku telefone juu kazi ya assistant wa profesa, yenye mulitegemea, bamepatia mwingine. Yeye hakunikosea kitu, na kile kilio njo kinanikatalia usingizi, hapana chako.

Hesabu ya kweli imemalizika, iko na jina yangu. Sitakutumia. Musamaha usiniandikie mu barua. Kuya Kipese, useme yako mbele ya baba, na mi nitasema yangu.

Unipigie mutoto wako Bénite na badogo yake busu ku kichwa. Mungu abalinde.

Mudogo wako,
Léa Kavira