Dume Jekundu la Magu

Usagara, 4 Machi 1996

Kwako binti yangu Odeta, hapo Nyegezi.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima. Mama yako Dorotea mgongo unamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa. Wewe hujambo? Wajukuu zangu hawajambo?

Barua yako imefika na nimechukia. Kuandika naandika kwa mkono wangu, mimi niliyewashinda wote hapa kijijini kwenye elimu ya watu wazima. Lakini kusoma mwandiko wako mdogo kama chawa ndiyo kazi, basi nikampa Josephat katekista anisomee. Tulikuwa tumekaa wazee. Akafika pale unaposema dume langu Shimba ameanza kupanda mabinti zake mwenyewe, akakohoa. Wazee wakaangalia chini. Odeta! Toka lini mtoto wa kike akamwandikia baba yake mambo ya kupandana? Hata mama yako, dume likifanya kazi, ananiambia tu, "Mzee, nenda ukaangalie huko zizini."

Halafu eti mitamba yangu mitatu uje uitie mimba kwa mrija. Najua siku hizi ni ruksa, serikali imeacha kazi, kila mtu anajitafutia, na wewe bwana mifugo wa kike unazunguka na baiskeli na mtungi wako wa mbegu za madume. Zunguka kwa wengine. Mimi dume nalichagua kwa macho. Naangalia kwato, nundu, chuchu za mama yake. Naangalia linavyorudi kutoka ziwani jua likiwa kali, kama linatangulia au linaburuzwa. La kwenye chupa nitaliangalia nini?

Tena sihitaji kufundishwa. Shimba nimeshamtoa. Nimebadilishana na rafiki yangu Mihayo wa Magu, kanipa dume jekundu, kifua kama mlango wa kanisa. Damu mpya kabisa! Usagara nzima hakuna mwenye dume kama hilo.

Mimi baba yako,
Chenge


Nyegezi, 17 Machi 1996

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo, watoto wanawasalimu. Mpe mama pole ya mgongo. Na wewe pole kwa ile ya Josephat, sikujua atasoma mbele ya wazee. Safari hii nimeandika herufi kubwa ili usome peke yako.

Baba, naomba usikasirike kabla ya kufika mwisho. Mwaka ule wa ukame, majani yalipoisha, ulimpelekea Mihayo ng'ombe wako akufugie. Yule Kijivu alikuwemo, naye alikuwa na mimba ya Shimba. Nilimswaga mwenyewe mpaka barabarani. Sasa hilo dume jekundu ni mtoto wa nani? Umesema unaangalia chuchu za mama yake. Huyo mama ulimwona?

Kama ni Kijivu, basi dume hilo na mitamba yako ni baba mmoja. Ndama wawili wa mwaka jana walikufa kabla ya kusimama, mama amekaa bila maziwa. Tukiendelea hivi zizi litakwisha. Nakuomba ulifunge mbali na mitamba mpaka umuulize Mihayo.

Mwanao,
Odeta


Usagara, 2 Aprili 1996

Kwako Odeta.

Marahaba. Sisi wazima. Herufi kubwa nimeziona, na kuchukia nimechukia vilevile kwa herufi kubwa.

Nimuulize Mihayo! Mtu amekupa dume, umkalie mbele kama polisi, "Limezaliwa na nani?" Si atasema Chenge hajui ng'ombe? Nilipofika Magu majike yalikuwa machungani, sikuona haja ya kungoja. Nililiangalia dume lenyewe, moyo ukalipenda palepale. Jicho langu halijawahi kukosea.

Na umechelewa. Mitamba yote mitatu limeshamaliza kazi yake. Ona sasa, umenifanya na mimi niandike upuuzi huu kwa binti yangu! Usiniandikie tena habari za zizi. Salamu tu.

Baba yako,
Chenge


Nyegezi, 20 Aprili 1996

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Sisi wazima.

Mwanao,
Odeta


Usagara, 19 Januari 1997

Kwako Odeta.

Shikamoo zako za salamu tu nimezipokea mwezi kwa mwezi, marahaba, nimeshiba. Mama yako hajambo kidogo. Mimi mzima, ila hasira.

Mtamba wa kwanza alizaa kabla ya Krismasi, ndama kipofu. Wa pili amezaa juzi. Ndama alitikisa sikio, basi. Mama yako alimkanda kwa maji ya moto mpaka akakaa chini analia. Wa tatu dume lilihangaika naye wee, hakushika.

Nikapanda lori mpaka Magu. Nikamwambia, "Mihayo, umeniua! Dume lile mama yake nani?"

Akacheka yule mzee asiye na meno. "Kijivu wako, nani mwingine? Chenge, zizi langu lote ni watoto wa ng'ombe wako. Ulitaka nikupe damu ya nani?"

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza! Ulizunguka dume mara moja, ukasema, 'Hili ndilo, limekaa kama ng'ombe wa kwetu.' Nikasema kweli, ni wa kwenu."

Mbele ya wake zake wawili! Wakacheka mpaka wakashikana. Nikageuka nikatafuta lori la kurudi, mimi Chenge.

Dume nimelihasi, litajifunza kuvuta plau. Mihayo nimemchukia. Na wewe nimekuchukia zaidi, kwa sababu ulijua.

Sasa sikiliza. Mtamba wa tatu alipata joto jana. Atapata tena lini unajua mwenyewe, ndiyo kazi yako. Wiki hiyo mimi nitakuwa Magu kumaliza ugomvi, sitakanyaga nyumbani hata siku moja. Mama yako atashika kamba. Fanya unachofanya. Sitaki kuambiwa, sitaki kuandikiwa. Nikirudi nikukute umeshanawa, umekaa barazani, unipe shikamoo yangu kama mtoto yeyote, tule ugali.

Na usichague dume fupi.

Baba yako,
Chenge