Wateja Nimewafundisha Ini, Mwenyewe Nameza Vidonge

Binti yangu amepasi! Kitindamimba wangu, niliyemsomesha kwa cherehani hii hii, sasa ni mtaalamu wa ini! Mpendwa mshauri, samahani salamu imechelewa, furaha haina adabu.

Kitabu chake cha utafiti kinaeleza jinsi dawa ikizidi inavyoua seli za ini, na mimi niliyeishia darasa la saba nimeushika wote, kila mteja akija kupima gauni namwambia, ini lina walinzi wake wa kuzima sumu ya dawa, ukizidisha walinzi wanaisha, sumu inavamia mitambo ya nguvu ndani ya seli, seli inazimika, inapasuka, inakufa, na mwenye ini hana habari. Wateja wanabaki midomo wazi! Sasa naomba msaada, maana nashona magauni kumi na manne ya wifi zangu kwa ajili ya sherehe yake, mgongo unawaka moto, kila nikimaliza gauni nameza vidonge viwili vya maumivu, naviweka kwenye kopo la vifungo bila boksi lake, na juu yake dawa ya mafua, hadi leo nimesoma boksi la mafua nikakuta ndani yake ni dawa ile ile ya vidonge vyangu, na ndiyo hiyo aliyoiandikia kitabu mwanangu! Nimwambie, nichekwe? Au ninyamaze sherehe ipite, maana siumwi popote?

Mama Daktari

Mama Daktari, hongera, pole, na ushindwe! Nilikupigia simu papo hapo, sikungoja gazeti. Darasa lako zima limefaulu, aliyefeli ni mwalimu. Huumwi? Si umesema mwenyewe kwamba mwenye ini hana habari? Nawe msomaji unayefanana naye, ukizidisha dawa nenda hospitali leo hii, maboksi mkononi, hata kama unacheka. Dawa ya kuwarudisha walinzi ipo, ila inataka kuwahiwa. Vidonge vikae kwenye boksi lake, vifungo kwenye kopo lake. Na binti mwambie. Hakusomea maini ya wageni tu.

Mshauri, nilikwenda! Binti alinishika mkono njia nzima huku akinigombeza, "Mama, kitabu kizima nimekuandikia wewe!" Damu wamepima mara mbili, ini zima kabisa. Magauni mawili yaliyobaki wifi zangu wameyashona wenyewe, yamekwenda kombo. Njooni wote muone, Jumamosi, saa nane mchana.