Behewa Lililotembea Lenyewe

Tabata, Dar es Salaam
Desemba

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na baridi ya huko mlimani haijakuzidi. Sisi huku Tabata tulikohamia hatujambo kiasi. Mkweo Jacqueline anakusalimu sana, anasema ile dawa ya kuchua usiipake kwa wingi, kidogo tu inatosha. Joto la Bongo mwaka huu si la kusimulia, tunalala madirisha wazi na bado tunaamka tumelowa. Vipi ng'ombe, ameshazaa? Na Mjomba Samson amekuja kuisafisha migomba ya upande wa mtoni kama alivyoahidi, au bado anakupiga chenga?

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Mama, simu yako wewe unaiweka spika. Neno la chumbani linasikika hadi kwa jirani, na kabla sijakata wajukuu wameshampigia kaka Aaron. Ndiyo maana nimempa Blandina, binti wa shangazi, akukabidhi mkononi. Tafadhali ingia chumbani, funga mlango, vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, hata mchungaji.

Umesikia kwamba duka la kaka pale Mchafukoge limefungwa, kwamba alilala polisi akatoka kwa dhamana, na kwamba sisi wapangaji wa juu yake tumetolewa jengo zima. Uliponiuliza kwenye simu nini kimetokea nilikujibu juujuu, na uliponiuliza nani kamchongea nikahamia habari za ng'ombe. Leo nakueleza yote. Jambo lenyewe limeanzia kwenye treni yangu.

Unaikumbuka treni yangu ndogo ya kuchezea, ile uliyoicheka ulipokuja kutibiwa macho, ukasema mwanaume mwenye mke anacheza kitoto. Mimi nilinuna, lakini sikuacha. Nilikuwa nimejenga reli kutoka Moshi hadi Dar kuzunguka kuta tatu za sebule, juu ya mbao zenye miguu. Kichwa cha treni na mabehewa nilivipata Kariakoo kwa mfanyabiashara aliyeviagiza akakosa wateja. Vingine vyote ni mikono yangu. Majani ni pumba za mbao nilizotia rangi ya chakula, milima ni magazeti na gundi ya uji wa ngano, na Kibo nimeipaka chokaa. Nikitoka bandarini kwenye makaratasi ya makontena, kichwa kimevurugika, nakaa pale nawasha treni, roho inatulia. Na kaka Aaron, Mama, aliipenda kuliko mimi. Akifunga duka lake chini anapanda ngazi, anavua viatu, anaomba chai, anaendesha treni kutoka Moshi hadi Korogwe huku anataja stesheni kwa sauti kama alivyokuwa anafanya marehemu Baba tukisafiri naye.

Basi baada ya Pasaka treni ikaanza kuacha reli. Kila ikifika kwenye kona ya sebule, pale Korogwe, kichwa kinainama, mabehewa yanaanguka chini. Nikakagua reli, nzima. Nikakagua magurudumu, mazima. Nikamgeukia Jacqueline, nikasema ni yeye na ufagio wake, anapiga deki anasukuma miguu ya meza. Akaniambia nimwombe radhi au nipige deki mwenyewe. Nikapiga deki mwenyewe, Mama, mwezi mzima, na treni ikaendelea kuanguka. Nikakunja boksi nikaweka chini ya mguu wa meza. Baada ya muda boksi halitoshi, naongeza lingine. Haki ya Mungu sikuwaza hata kidogo kwamba tatizo liko kwenye sakafu. Nilikuwa nahangaika na Korogwe yangu.

Jioni moja kaka alikuwa anaendesha yeye. Treni ilipoanguka nilicheka, nikamwonyesha maboksi niliyopanga chini ya mguu, nikamwambia hii meza ina shetani. Yeye hakucheka. Alipiga magoti akayaangalia yale maboksi muda mrefu, kisha akaniuliza yalianza kuwekwa lini. Nilipomjibu akavaa viatu akaondoka, chai hata hakuigusa. Jacqueline akaniambia kaka yako leo ana jambo. Nikamwambia ni uchovu wa biashara.

Lakini usingizi ulianza kunipaa. Nikaazima pimamaji ya kupimia usawa kwa fundi mmoja wa Mtaa wa Uhuru, nikaiweka sakafuni. Kile kipovu kilikimbilia upande mmoja kikagoma kurudi. Nikaiweka hapa, nikaiweka pale, ni hivyo hivyo, sebule yote imelalia kona ya Korogwe. Nikaung'oa mlima wangu wa magazeti kwenye ukuta wa kona ile, na nyuma yake nikakuta ufa ambao ufunguo wa mlango ulipita bila kugusa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeuziba kwa Milima ya Usambara. Mama, nikakaa chini nikaanza kuhesabu watu. Juu yetu anaishi Bi Zulekha, fundi cherehani mtu wa Lindi, na wajukuu zake. Juu yake kuna familia nyingine, na nyingine. Chini yetu kulikuwa na duka la mablanketi la kaka Aaron peke yake.

Jumapili iliyofuata tulikwenda ibadani, na kaka hakuwepo. Alikuwa ameacha kusali nasi tangu kwaresima, anasema siku hizi anahudhuria ibada ya pili. Katikati ya mahubiri nikamdanganya Jacqueline kwamba tumbo linaniuma, nikarudi nyumbani. Mtaa ulikuwa kimya, maduka yamefungwa, wapangaji wengi kanisani au kwa ndugu zao. Nikasikia kishindo kinatoka chini ya ardhi, kinatulia, kinarudi. Shata, ule mlango wa chuma wa duka la kaka, lilikuwa limeinuliwa usawa wa goti. Nikainama nikapita.

Alikuwa anachimba, Mama. Sakafu ya duka ilikuwa imefunuliwa, shimo linaingia chini mtu anazama mpaka kichwani, na vijana wa kazi wanajaza mchanga kwenye mifuko ya mablanketi ili ukitolewa nje watu wadhani ni mzigo. Nguzo ya kona, ile iliyobeba kona yangu, ilikuwa imechimbwa mpaka chini, nondo zinaonekana. Na kaka amesimama pembeni na shati lake la kanisani.

Aliwatoa wale vijana nje, akaanza kunibembeleza. Akasema fremu yake ya duka ni ndogo, mzigo wa msimu wa baridi hauna pa kukaa, wenzake mtaa wa pili wamechimba na hakuna kilichotokea. Akasema fundi wake amemhakikishia, wakishamwaga zege nguzo itakuwa imara kuliko mwanzo. Nikamwuliza kama yule fundi analala ghorofa ya pili na wajukuu zake. Ndipo akapandisha hasira. Akanikumbusha kwamba Baba alipofariki yeye aliacha shule akaja kubeba mizigo Kariakoo ili mimi nisome, na kwamba makaratasi yangu ya bandarini na hicho kichwa cha treni ninachojivunia ni jasho lake. Ni kweli yote. Nikamshika mkono, nikamwomba kwa jina la Baba asimamishe. Machozi yakamtoka, akaapa. Akasema hatagusa tena hata koleo moja, na mafundi watakuja kujaza shimo.

Nilimwamini, lakini niliogopa. Nikairudisha meza sawa kwa pimamaji, nikaweka behewa moja pale Same, halina kichwa, limesimama peke yake. Nikamwambia Jacqueline asiliguse, na safari hii nilimweleza kwa nini. Akataka tuhame siku ile ile. Nikamwomba tusubiri, kwa sababu tukihama sisi kimya kimya na Bi Zulekha amebaki juu, tungekuwa watu wa aina gani. Kila nikirudi kazini kabla ya kuvua viatu nachungulia sebuleni. Behewa lipo Same. Kesho yake lipo Same. Nikaanza kumshukuru Mungu, nikampigia kaka nikamtania kama zamani.

Jumatatu moja nikarudi nikalikuta Korogwe.

Nililirudisha Same kwa mkono wangu, nikaliachia. Likasimama kidogo, kisha likaanza kutembea lenyewe, polepole, mpaka likaanguka. Nikarudia, likatembea tena. Jacqueline alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akaanza kulia bila sauti. Juu nikamsikia Bi Zulekha anahangaika na mlango wake, anausukuma haufungi, anawaambia wajukuu eti ni unyevu umevimbisha mbao. Nikashuka dukani. Kaka alikuwa anapima blanketi kwa mteja. Aliponiona tu akageuza macho, nikajua hajaacha kuchimba.

Kesho yake mchana wahandisi walikuja na polisi. Walishuka kwenye lile shimo wakatoka haraka, wakapiga kelele kila mtu atoke, asibebe kitu. Bi Zulekha alishuka na wajukuu na cherehani begani, wala hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Wakaegemeza vyuma chini ya ile kona. Mhandisi mmoja alituambia tumshukuru Mungu, maana mvua kubwa moja ingetosha. Kaka alichukuliwa mbele ya wateja wake, kichwa chini, na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nimeshika mfuko wa nguo. Alinitazama akaniita kwa jina la utotoni, akaniambia nisimwambie Mama. Sijui nitaisahau lini sauti ile.

Tangu atoke polisi, kaka anasema ni Bi Zulekha ndiye aliyekwenda ofisi ya kata kusema. Walishawahi kugombana kwa sababu ya mchanga kwenye ngazi, basi watu wote wa duka wameamini. Wamemfuata mpaka Jangwani alikojihifadhi kwa mwanawe, wakamtukana mbele ya majirani, wakamwita mchawi wa biashara za watu. Mama wa watu amempigia Jacqueline simu analia, anasema hata hiyo ofisi haijui iko wapi.

Na sasa kaka ananiambia kwamba Krismasi hii, tukishakutana wote nyumbani, wazee watavunja chungu. Aliyekwenda kumsema apate laana, yeye na uzao wake. Anasema umekubali, Mama. Anasema tena umejitolea chungu chako mwenyewe, kile cha mtori, ulichopikiwa ulipojifungua kila mmoja wetu, kwa sababu uchungu ulionao ni uchungu wa mzazi. Ameniambia na mimi nijiandae, nisimame kulia kwake wakati wazee wanasema maneno. Mimi nimesoma, ni Mlutheri, kila Jumapili nakiri imani kwa sauti. Lakini tangu nisikie hilo neno chungu sili nikashiba.

Mama, kaa kitini kama umesimama.

Siyo Bi Zulekha. Ni mimi. Jumanne ile asubuhi niliaga kazini nikaenda ofisi ya kata, nikataja jengo, nikataja duka, nikataja jina la mwenye duka. Waliponiuliza ni nani wangu nikasema ni kaka yangu wa tumbo moja. Yule mama wa mapokezi aliacha kuandika akaniangalia, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia andika.

Sijutii kwamba watu wako hai. Ninachojutia ni kumwachia mwanamke wa watu abebe matusi yangu, na hilo nitalimaliza. Nitakwenda Jangwani kabla ya safari, nimpigie magoti. Halafu nitakuja nyumbani, nitasimama mbele ya kaka na wazee niseme kwa mdomo wangu. Akinipiga anipige, akinikana anikane, ana haki ya kukasirika, alinilea. Jacqueline ana mimba changa, Mama. Hatujamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza. Kwa hiyo hilo neno uzao, wakilitamka, wanamtamka mjukuu wako.

Sikuombi unitetee. Nakuomba kitu kimoja tu: kama ni lazima kivunjwe chungu, wakatafute kingine. Kisitoke jikoni kwako, kisitoke mkononi mwako.

Nisalimie Mjomba Samson, shangazi, na wote wa kwaya ya akina mama. Blandina atakaa huko hadi Jumapili, ukitaka kunijibu mpe yeye. Usiponijibu pia nitakuja. Na kaka akikupigia simu leo au kesho, usimwambie bado, niachie mimi. Mwambie tu ale. Nilipomwona mara ya mwisho shati la kanisani lilikuwa linamning'inia.

Nakuombea usingizi mwema na moyo wa kulipokea hili.

Ni mimi mwanao,
Heriel