Mui Wangu

Kisauni, Ijumaa, 1996

Hata kucheka, wamecheka vibaya. Mtangazaji wa redio aliupiga wimbo wa kufokafoka wa mjukuu wangu Zuhura, ule wa kujigamba, kisha akamwambia mwenzake, "Bingwa gani huyu, hata kusema mji hajui? Ati 'mui wangu'!"

Mui ndio mji, kwa lahaja ya visiwani kwetu, tulikofukuzwa na vita kabla Zuhura hajazaliwa. Neno hilo nilimpa mimi, aliponiomba majigambo ya kizamani.

Jioni akaja. "Shikamoo, Babu. Usikasirike, narudi studio nikaweke 'mji' badala ya 'mui'."

"Mji upi?"

"Huu wa Kisauni, Babu. Ule mwengine sijauona."

Vita havikunitoa kwetu kama maneno hayo, na aliyasema kwa adabu.